Madumu ya Ta Apolinary

Jumatano tatu mfululizo Apolinary alitoka kwake Ijumbi asubuhi, akafika Bakoba, mjini Bukoba, saa nne, akalizunguka gari lile jeupe mpaka saa saba, kisha akarudi Ijumbi bila kulinunua. Lilikuwa gari dogo la umeme, la pekee katika yadi ile, na lilikuwa limekaa pale muda mrefu mpaka majani yameota kuzunguka magurudumu.

Muuzaji alikuwa binti aitwaye Nancy, na Nancy alikuwa na daftari. Kila mteja aliyelipenda gari lile kisha akaliacha, aliandika sababu yake humo, kwa kuwa bosi wake aliyeko Mwanza alitaka kujua watu wa Bukoba wana shida gani. Mteja wa kwanza aliogopa radi. Wa pili aliuliza gari likipita kwenye maji ya mvua nani atakufa kwanza, dereva au aliyekaa nyuma. Wa tatu alimkumbusha jinsi umeme ulivyokatika siku mbili wiki ile, akataka kujua kama ingempasa alale barabarani Kemondo. Wa nne, mfanyabiashara wa dagaa, alisema gari halingurumi. Akirudi nyumbani, majirani watajuaje kwamba amerudi? Nancy aliona huyo ndiye aliyesema kweli kuliko wote.

"Na wewe mzee nikuandike nini?" alimuuliza Apolinary Jumatano ile ya tatu. "Radi nimekueleza. Maji nimekueleza. Kutoka hapa mpaka kwako na kurudi, chaji inatosha na nyingine inabaki. Unalichomeka jioni, asubuhi limejaa, kama simu."

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Sasa?"

"Usiandike kitu bado."

Apolinary alikuwa amepima kahawa ya wakulima kwenye chama cha msingi kwa miaka thelathini na mmoja, na tabia ya mizani ilikuwa imemwingia mwilini. Hakutaja uzito mshale ukiwa bado unacheza. Kuendesha alijua, miaka yake ya mwisho kazini ndiye aliyeendesha pikapu ya chama. Fedha ilikuwepo, maana kiwanja chake cha Muleba kilikuwa kimepata mtu. Kilichomzuia kilikuwa kitu kingine, na aliona aibu kukisema mbele ya binti wa mjini.

Lakini haja iliyomleta ilikuwa kubwa kuliko aibu. Mke wake, Kokugonza, alikuwa na miezi minane hajakanyaga nyumbani.

Hawakugombana. Ilianza na bodaboda. Siku moja Kokugonza alirudi kutoka soko la Muleba kwenye pikipiki ambayo dereva wake alikuwa amepakata dumu la petroli, dumu linavuja, na upepo ukawa unamrushia mama yule petroli usoni safari nzima. Alishuka akatapika. Tangu siku hiyo harufu ya petroli, hata ya mbali, hata iliyobaki kwenye kitambaa tu, ilimpindua tumbo. Alipopelekwa Bukoba kutibiwa magoti alitapika Muhutwe, akatapika Kemondo, na alipofika kwa binti yao Gaudiosa kule Nshambya alilala siku mbili bila kula. Alipoamka alitangaza: "Nitarudi Ijumbi kwa miguu yangu au kwa kitu kisichonuka."

Magoti yalipona nusu. Kwa miguu haikuwezekana. Basi wakawa wanazungumza kwa simu kila siku saa moja jioni.

"Umekula nini?" Kokugonza angeuliza.

"Ndizi."

"Ulizipika au ulizichoma?"

"Nilianza kwa kuzipika."

Pale kijijini watu walianza kuhesabu miezi. Ma Dativa, jirani wa upande wa chini, alikuwa akipaza sauti kutoka katikati ya migomba: "Ta Apolinary! Sufuria lako limetufikia huku! Mrudishe mke wa watu kabla hujatuunguzia kilima!"

Kwa hiyo ilibidi gari, na ilibidi gari lisilonuka. Hapo ndipo hofu ya Apolinary ilipokaa. Alikuwa haogopi radi wala maji. Aliogopa kwamba gari lile halitumii mafuta.

Kabla yake, mtu pekee aliyewahi kuwa na gari kwenye kilima chao alikuwa marehemu Nathanieli. Kwa miaka kumi na minne gari la Nathanieli lilibeba wagonjwa, maharusi, majeneza, mikungu na mbuzi wa watu wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumchukia, kwa sababu Nathanieli alikuwa na sentensi moja. Ukienda kumwomba gari alikukaribisha, akakupa akamwani, mkatafuna zile buni taratibu, mkaulizana habari za nyumbani, ukaeleza shida yako mpaka mwisho, naye akasema kwa masikitiko: "Gari lipo, waitu. Mafuta hakuna." Hapo hakuwa amekukatalia. Mwenye shida ya kweli aliondoka, akarudi na dumu la lita tano amelishika kwa mikono miwili, na safari ikaanza. Mwenye shida ya uongo hakurudi, wala hakukasirika, kwa maana hakuna aliyemnyima kitu. Watu wa kilima kile hawakujua namna nyingine ya kuomba gari, wala ya kulinyima, wala ya kulishukuru.

"Sasa mimi nitasema nini?" Apolinary alimuuliza Nancy, baada ya kulieleza jambo lote huku anatazama chini. "Gari lenyewe lina kioo, kimeandikwa asilimia themanini na nne kwa namba kubwa hivyo. Mtoto wa chekechea anaisoma."

Nancy alifungua daftari, akashika kalamu, akafikiri, akalifunga.

"Hii sijui niiandikeje," alisema. "Fanya hivi, mzee. Chukua ukae nalo wiki mbili. Ukilipenda tunaandikiana. Usipolipenda unalirudisha. Bosi mwenyewe amechoka kuliona kwenye picha."

Jioni ile Kokugonza aliuliza kwenye simu: "Linanuka?"

"Linanuka viti vipya."

"Jumapili ya wiki ijayo namaliza sindano za goti. Njoo unichukue."

Kesho yake Apolinary aliingia kijijini na gari, na hakuna aliyejua kwamba ameingia. Mbele yake njiani alikuwa anatembea rafiki yake Bartholomayo, mkungu kichwani, akijisemea mambo yake. Apolinary alimfuata polepole umbali wa migomba kama hamsini, akisubiri ageuke. Hakugeuka. Mwishowe alipiga honi. Bartholomayo alirusha mkungu upande mmoja na yeye akarukia upande wa pili.

"Unanifuata kimyakimya kama mchawi!" alisema kutoka kwenye mibuni. "Limezimika?"

"Linawaka."

"Linawaka wapi?"

Asubuhi iliyofuata Bartholomayo alikuja kuomba gari la kupelekea mbuzi wawili Muleba. Apolinary alimkaribisha kiti, akatoa akamwani, wakatafuna, wakaulizana habari. Bartholomayo alieleza mbuzi wake kwa kirefu. Kisha akamtazama mwenyeji wake usoni, akisubiri sentensi. Ilikuwa zamu ya sentensi, na Apolinary hakuwa na nyingine mdomoni isipokuwa ile ya Nathanieli.

"Gari lipo, waitu," alisema. "Mafuta hakuna."

Mara aliposema aligundua kwamba ilikuwa kweli. Gari lile halikuwa na hata tone. Angeweza kuapa kwa hilo mbele ya padre. Moyo wake ukafurahi kama mtu aliyepata miwani yake kichwani.

Bartholomayo naye alifurahi, kwa sababu mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Aliaga. Baada ya saa moja alirudi na dumu la lita tano, amelishika kwa mikono miwili.

Apolinary alilitazama dumu. Angesema nini? Kumwambia alirudishe ni kumwambia hukupaswa kuja. Kumwambia halihitajiki ni kumwambia nilikuchezea. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye stoo iliyo ubavuni mwa jiko, wakapakia mbuzi, wakaenda Muleba kwa umeme.

Siku ya pili alikuja Julius, fundi baiskeli, ambaye shangazi yake alikuwa na miadi ya meno. Dumu. Siku ya tatu walikuja wawili. Kufikia siku ya nne kilima kizima kilijua kwamba gari la Ta Apolinary halinywi petroli, kwa sababu Julius alilizunguka mara mbili akitafuta tundu la mafuta, akapiga magoti, akachungulia hata chini, na alipoona kile kifuniko cha kuchajia akauliza kama wajaribu humo kidogo tu, kijiko kimoja. Apolinary alisimama mbele ya kifuniko mpaka Julius alipoondoka.

Lakini kujua hakukubadili kitu. Walizidi kuleta.

"Ma Dativa," Apolinary alijaribu kumweleza jirani yake, "kuna njia. Nimeongea na yule binti wa Bakoba. Mtu akitaka kushukuru, aninunulie umeme. Unabonyeza simu, unaandika namba ya mita yangu, LUKU inaleta tarakimu ishirini, unanipa naziingiza."

"Tarakimu."

"Ishirini."

"Yaani nije kwako kuomba gari la kumpeleka mkwe wangu kliniki, halafu nisimame mlangoni nikutajie namba?"

"Ndiyo, waitu."

"Na wanaonipita njiani wataona nimebeba nini?"

Apolinary alifikiri kwa haki, kama alivyokuwa akifikiri mkulima alipolalamikia mizani. "Hawataona kitu," alikubali.

"Basi watasema Dativa anapanda magari ya watu mikono mitupu. Mimi?" Akaweka dumu lake chini mbele ya miguu yake, akaenda zake.

Julius peke yake ndiye aliyejaribu jambo la kisasa. Alileta kile kibetri cha kuchajia simu, akakikabidhi kwa mikono miwili, akasema kimejaa nusu. Apolinary alikipokea pia.

Ilipofika Jumamosi madumu yalikuwa kumi na tisa. Stoo ilijaa, mengine yakakaa chini ya upenu wa jiko, mengine nyuma ya magunia ya kahawa. Usiku mtu angeogopa kuwasha kiberiti. Apolinary alizoea harufu siku ya tatu, na siku ya tano hakuisikia tena kabisa, ndiyo maana hakufikiri.

Jumapili baada ya misa alikwenda Nshambya. Kokugonza alikuwa amekaa kibarazani, kitenge kipya, kikapu miguuni. Gaudiosa alisimama pembeni na beseni mkononi, kwa tahadhari.

Kokugonza hakuingia garini upesi. Alinusa mlango. Alinusa kiti cha mbele, akanusa cha nyuma, akainama kwa shida ya magoti akanusa zulia. Kisha akakaa, akafunga mkanda.

"Beseni baki nalo," alimwambia binti yake.

Walipita Kemondo anaimba wimbo wa kwaya. Walipofika Muhutwe alisema: "Simama hapa."

Apolinary alikanyaga breki. "Unatapika?"

"Hapana. Nataka kupaona tu bila kutapika." Aliangalia miti, duka, mbwa aliyelala. "Pazuri," alisema. "Twende."

Apolinary alimtazama kwa jicho la pembeni na mshale ukatulia. Aliamua kulinunua gari. Alishaanza kutafuta maneno ya kumwambia Nancy walipoiacha lami, wakapanda kilima, wakaingia kwenye njia ya migomba yao, na nyumba ikaonekana.

"Apolinary," Kokugonza alisema. "Simamisha."

"Tumefika."

"Nani amefungua kituo cha mafuta?"

Alimweleza. Alimweleza tangu mwanzo, kwa mpangilio, Bartholomayo na mbuzi, Julius na tundu, Dativa na tarakimu. Kokugonza alisikiliza huku amejiziba pua na kitenge. Alipomaliza, mama yule alibonyeza kitufe, kioo kikapanda mpaka juu.

"Sishuki," alisema.

Apolinary alisogeza gari mpaka kwenye ua, upande wa mbali, mita kumi na mbili kutoka mlangoni. Alibembeleza. Alipepea kwa jani la mgomba. Kokugonza hakushuka. Kwenye kilima chote, alisema, mahali pasiponuka petroli ni hapa nilipokaa. Basi Apolinary alilaza kiti, akaleta blanketi na mto, akachomeka waya wa chaji, na mke wake akalala kwenye gari.

Jumatatu kijiji kilikuja kumsalimia. Walileta vigoda, wakakaa kulizunguka gari. Kokugonza alishusha kioo vidole viwili. Akamwani ilipitishwa hapo, buni mojamoja, na salamu zikapitishwa hapo.

"Ma Koku!" Dativa alisema, akitazama ule waya uliotoka dirishani mwa nyumba mpaka kwenye gari. "Umerudi kweli? Au unachajiwa?"

"Tunachajiwa wote."

"Asilimia ngapi?"

"Wewe na madumu yako usiniguse," Kokugonza alisema, na wote wakacheka, hata Kokugonza, ila Apolinary hakucheka sana.

Siku ile Julius alikuja kuomba gari. Apolinary alifungua mdomo kusema sentensi, akaona haihitajiki. "Gari lipo," alisema. "Mama yumo." Julius aliinamisha kichwa kwa heshima, akaondoka bila kinyongo. Hiyo ilikuwa sababu nzuri kuliko zote alizowahi kutoa Nathanieli. Siku nane nyuma Apolinary angetoa chochote aipate. Sasa alikuwa nayo, na mezani bado alikuwa anakula peke yake.

Saa moja jioni simu ililia.

"Umekula nini?" Kokugonza aliuliza. Apolinary alimwona kupitia dirisha la jiko, ameshika simu sikioni, taa ndogo ya gari imemwangaza usoni.

"Ndizi. Na wewe?"

"Zile ulizoniletea. Zimeungua."

"Najua."

"Ondoa madumu, Apolinary."

"Nitayapeleka wapi? Siwezi kumrudishia mtu alichonipa."

"Nani amesema umrudishie? Ukienda kumtembelea mwenzako unabeba nini?"

Apolinary alishusha simu polepole. Hakulala upesi, alikuwa anapanga.

Jumanne asubuhi alianza. Dumu la Bartholomayo alilipeleka kwa Julius, dumu la Julius akalipeleka kwa mzee mmoja wa upande wa juu, la huyo akalipeleka kwa Bartholomayo. Kila alipofika alisema amekuja kuwasalimia tu, akatoa dumu kwa mikono miwili, na wenyeji wakalipokea kwa mikono miwili, wakaona haya kumwachia aondoke hivihivi, wakampa maharage, au kuku, au mkungu. Gari hakuweza kulitumia kwa kazi hiyo. Tone moja tu kwenye zulia na mahali pa mwisho pa Kokugonza pangekwisha. Kwa hiyo alitoa baiskeli yake ya zamani, akafunga madumu mawili nyuma na moja mbele, akaisukuma kupanda na kushuka kilima, jasho linamtoka, wakati gari lake limekaa uani limejaa asilimia mia.

"Ta Apolinary!" walimwita barabarani. "Gari limeishiwa mafuta?"

"Halijawahi kuwa nayo," alijibu, na akaendelea kusukuma.

Kumi aliyapeleka kigangoni kwa ajili ya jenereta. Katekista aliyapokea kwa mikono miwili, akaandika kwamba ni sadaka ya shukrani ya familia ya Apolinary kwa kurejea kwa mama. Apolinary alitaka kumweleza kwamba mama amerejea ila bado mita kumi na mbili, akaona ni maelezo marefu.

Jumatano mchana alikuwa uani anaosha baiskeli kwa majivu aliposikia mtu anakimbia. Ma Dativa alitokea kwenye migomba, khanga imemtoka begani, ana dumu mikononi. Nyuma yake, mbali, mkwe wake alikuwa anakuja hatua tatutatu, anashika mgomba, anasimama, anapumua, anaendelea. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi. Dativa alikuwa amekwenda kwanza kutafuta petroli.

Kioo cha gari kilishuka chote.

"Dativa! Tupa hicho!"

"Siwezi kuja mikono mitupu, Ma Koku!"

"Mikono yako ina mkwe! Mshike huyo!"

Dativa alisimama katikati ya ua. Alilitazama dumu. Alimtazama mkwe wake. Mtu angefikiri ni jambo la kuamua mara moja, lakini mikono ile ilikuwa imelelewa hivyo miaka sitini, na ilichukua pumzi mbili nzima kufunguka. Kisha dumu lilianguka kwenye nyasi, na Dativa akakimbia kurudi nyuma, akamkumbatia binti kiunoni.

Kokugonza hakushuka. Alihamia pembeni, akampa binti mkono wa kubana, na Apolinary akachomoa waya, akaendesha. Gari lilishuka kilima bila sauti, kwa hiyo kilichosikika njia nzima ni binti anavyolia na Dativa anavyosema, "Sijaleta kitu, Ma Koku, sijaleta kitu," na Kokugonza anavyojibu, "Pumua, mwanangu. Na wewe Dativa pumua." Mtoto alizaliwa Muleba kabla jua halijazama. Msichana. Wakati wa kurudi Dativa alikaa kiti cha nyuma, mikono mitupu imelala mapajani, anaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Hakuna aliyekufa," Kokugonza alimwambia.

"Naona," Dativa alisema.

Lile dumu la nyasini halikuwa la mtu, kwa sababu halikuwahi kupokewa. Alhamisi Dativa mwenyewe alikuja akalichukua, akaenda nalo.

Jumamosi wiki mbili zilikuwa zimeshapita. Nancy alikuja kutoka Bukoba na karatasi za mauziano na daftari lake, kwa kuwa mzee alikuwa hapokei simu, alikuwa anasukuma baiskeli. Alimkuta ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye safari ya mwisho, na alikuta mama wa watu amekaa ndani ya gari lake la biashara anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Nancy? Kaa hapo nje, nina shughuli."

Nancy alikaa kwenye kigoda. Apolinary alitupa majivu ndani ya stoo, akafagia, akamwagia maji, akafagia tena, akafungua madirisha yote ya nyumba. Kisha alikwenda akafungua mlango wa gari, akasimama.

Kokugonza alitoa pua kwanza. Alinusa upande wa stoo, akanusa upande wa jiko, akafumba macho akanusa tena taratibu. Alitoa mguu mmoja. Goti lilipiga kelele kidogo. Alitoa mguu wa pili, akamshika Apolinary mkono, wakatembea mita kumi na mbili bila kuharakisha, na kwenye kizingiti cha mlango akasimama tena, akanusa, akaingia.

Ndani walimsikia anafunua sufuria. "Mungu wangu," alisema.

"Sasa mzee," Nancy alisema, akitoa karatasi, "unanunua au unarudisha?"

Apolinary alishika kalamu. Akatia sahihi palepale, herufi kwa herufi. Alikuwa bado hajamaliza herufi ya mwisho Bartholomayo alipotokea kwenye migomba, anatembea kwa adabu, amevaa koti la Jumapili. Alikuwa na safari ya kwenda kuposea mjukuu wake. Mikononi alikuwa na dumu la lita tano, amelishika kwa mikono miwili.

Apolinary alimtazama rafiki yake, akalitazama dumu, akageuka kutazama mlango wa nyumba. Hakuwa na sentensi tena. Mama hakuwamo garini.

Kokugonza alikuwa ameshatoka kizingitini, mwiko mkononi. Aliinua mkono kumzuia Bartholomayo asisogee, akateremka hatua mbili, akanyoosha shingo. Bartholomayo alisimama kama aliyeambiwa asimame kwenye mizani. Kisha alifungua kifuniko.

Kokugonza alinusa.

"Rubisi," alisema. Haikuwa petroli, ilikuwa pombe ya ndizi.

"Ya jana, Ma Koku. Gari halinywi, tumekubali. Basi wanywe wenye gari. Dumu nimeliosha kwa majivu mara tatu."

Kokugonza alinusa mara ya pili, kwa muda mrefu, na hakuna aliyepumua, hata Nancy ambaye hakujua wanangoja nini.

"Ulioshe mara ya nne," alisema Kokugonza. "Rubisi iletwe jikoni. Na dereva haonji mpaka mrudi." Kisha akamgeukia mume wake: "Chomoa waya, Apolinary. Mwenzako ana safari."